Maji Yaondoke Yakiwa Bado Maji: Kulikausha Gari Bila Kuliachia Madoa

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kila mwenye gari, dereva na mwoshaji wa magari amewahi kuliona, ingawa ni wachache wanaojishughulisha kutafuta chanzo chake. Gari huoshwa vizuri kwa sabuni, likasuuzwa kwa maji mengi, na bado likikauka huonekana na madoa meupe ya mviringo yaliyotapakaa juu ya boneti, paa na vioo, na ikiwa gari lenyewe ni jeusi au la buluu iliyokoza, madoa hayo huonekana kwa mbali. Lawama kwa kawaida humwangukia mwoshaji, au sabuni, au hata fundi aliyepuliza rangi, ilhali chanzo halisi kimo katika dakika chache zinazofuata baada ya bomba kufungwa. Hoja itakayofafanuliwa hapa ni moja: doa la maji ni mabaki ya vitu ambavyo maji yalivibeba, na kwa hiyo mwenye kutaka gari lisilo na madoa hana budi kuyaondoa maji yakiwa bado maji, kabla ya jua na upepo kuyageuza kuwa mvuke na kuuacha mzigo wake juu ya rangi.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kuanza na maji yenyewe. Mvua inapoanguka huchukua kiasi kidogo cha hewa ukaa iliyomo angani, na ikifika ardhini huongezewa hewa hiyo kwa wingi zaidi kutoka katika udongo wenye mizizi na vitu vinavyooza, hata maji yakawa na ukali mdogo wa asidi usiotambulika kwa ulimi. Asidi hiyo dhaifu, ikipita katika mawe ya chokaa, huyayeyusha polepole na kuyageuza kuwa bikabonati ya kalsiamu, yaani chumvi ambayo husafiri ndani ya maji bila kuyabadilisha rangi wala harufu. Maji yenye wingi wa kalsiamu na magnesiamu ya namna hii huitwa maji magumu, na dalili zake nyumbani ni sabuni ya mche inayokataa kutoa povu pamoja na ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika. Maji yenye madini hayo kwa uchache huitwa maji laini. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za kabonati ya kalsiamu katika kila lita, ambapo maji yasiyozidi 60 huhesabiwa laini, kati ya 61 na 120 huhesabiwa magumu kiasi, kati ya 121 na 180 huwa magumu, na yanayozidi 180 huwa magumu sana.

Katika Afrika Mashariki tofauti hizi hufuata miamba na umbali wa bahari. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa iliyojengwa na viumbe wa baharini, na kwa sababu hiyo visima vilivyochimbwa katika mawe hayo hutoa maji yaliyojaa kalsiamu, na vile vilivyo karibu na ufuko huongezewa chumvi ya bahari inayopenya chini ya ardhi. Jijini Dar es Salaam, maji ya bomba yanayosafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hutoka mtoni, lakini mitaa mingi na sehemu nyingi za kuoshea magari hutegemea visima, na baadhi ya visima hivyo vina chumvi inayotambulika kwa ulimi. Jijini Nairobi, kwa upande mwingine, maji yanayotoka katika mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni maji ya mito ya milima ya Aberdare, yanayopita katika miamba ya volkano isiyo na chokaa nyingi, na kwa hiyo huwa laini kuliko maji ya visima vya pwani. Mwoshaji aliyezoea maji laini ya mlimani anaweza kuhamia pwani akiwa na ustadi ule ule, sabuni ile ile na kitambaa kile kile, akashangaa kuona kazi yake inaacha alama ambazo hakuwahi kuziacha.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, nayo ni kwamba madoa ni ushahidi wa maji machafu. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba maji yenye jumla ya vitu vilivyoyeyuka visivyozidi takriban miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba ladha huanza kuharibika sana yanapopita miligramu 1,000. Kwa maneno mengine, maji yanayopendeza kunywa yanaweza kubeba madini ya kutosha kulichafua gari. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba maji yana miligramu 500 za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita, na kwamba nusu lita imebaki juu ya gari baada ya kusuuzwa, basi maji hayo yakikauka yenyewe yataacha robo gramu ya madini. Kiasi hicho hakijai hata ncha ya kijiko, lakini kikigawanywa katika maelfu ya matone yaliyotawanyika juu ya vanishi inayong'aa, kila tone huwa na chembe za kutosha kuandika alama yake.

Namna tone linavyokauka ndiyo inayoeleza umbo la alama hiyo. Joto linapochukua maji, madini hayapandi pamoja na mvuke, bali hubaki katika maji yanayozidi kupungua, mpaka yanapokosa nafasi ya kuendelea kuyeyuka na kuanza kuganda. Kinachotendeka juu ya boneti ndicho kinachotendeka katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na ya Gongoni karibu na Malindi, ambako maji ya bahari huachwa juani katika madimbwi ya kina kifupi ili jua lifanye kazi ya kuyatenga na chumvi. Ukingo wa tone, kwa kuwa ni mwembamba, hukauka upesi kuliko katikati, na maji ya katikati huvutwa kuelekea ukingoni kuziba pengo hilo, yakisomba pamoja nayo chembe zilizomo. Mkondo huu mdogo ulielezwa mwaka 1997 katika jarida la Nature na Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliokuwa wakichunguza kwa nini kahawa iliyomwagika huacha duara lenye ukingo mweusi. Ndiyo maana doa la maji juu ya gari mara nyingi huwa na pete iliyokoza pembeni na weupe hafifu katikati.

Madini yanayobaki si ya aina moja, na tofauti zake zina maana kubwa kwa mtendaji. Chumvi ya kawaida, ile inayotokana na maji ya bahari, huyeyuka tena ikikutana na maji, na doa lake huweza kuondoka kwa kusuuzwa upya. Bikabonati ya kalsiamu huenda njia nyingine, kwa maana maji yanapokauka hupoteza hewa ukaa iliyokuwa ikiishikilia, na chumvi hiyo hurudi kuwa kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa ile ile ya mwambani, ambayo maji matupu hayaiyeyushi tena kwa urahisi. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kulimwagia maji gari lenye madoa, akaona madoa yametoweka wakati rangi imelowa, kisha akayaona yamerudi mahali pale pale baada ya rangi kukauka. Isitoshe, ikiwa maji aliyoyamwaga ni yale yale ya kisima na akayaacha yakauke, atakuwa ameongeza tabaka jingine juu ya lile la kwanza.

Dhana nyingine inayosikika mara kwa mara ni kwamba tone la maji hufanya kazi ya lenzi, yaani kioo kinachokusanya miale ya jua mahali pamoja na kuichoma rangi. Suala linalofanana na hili, la matone juu ya majani ya mimea, lilichunguzwa nchini Hungaria na kundi la watafiti akiwemo Gábor Horváth, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba matone yaliyolala juu ya majani laini yasiyo na vinyweleo hayayaunguzi, kwa sababu tone lililobonyea haliwezi kukusanya miale kwa nguvu juu ya uso liliolalia. Rangi ya gari nayo ni uso laini, na tone huilalia kwa namna hiyo hiyo. Jua lina hatia, lakini hatia yake ni ya kuharakisha mvuke na kuipasha rangi joto, na joto hilo huwezesha madini na asidi zilizomo katika mabaki ya maji kushambulia vanishi kwa nguvu zaidi.

Uchaguzi wa mahali na saa ya kuoshea, kwa hiyo, hutangulia uchaguzi wa kitambaa. Bati la gari la rangi nyeusi lililosimama juani mchana linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango ambacho mkono hauwezi kukivumilia, na maji yanayomwagwa juu yake huanza kukauka upande mmoja kabla mwoshaji hajamaliza upande wa pili. Kanuni iliyo rahisi ni kuligusa boneti kwa kiganja: likiwa na joto la kuusumbua mkono, gari halijawa tayari kuoshwa, na linapaswa kuachwa kivulini mpaka joto la jua na la injini lipungue. Saa za asubuhi mapema na zile za alasiri kuelekea magharibi hufaa zaidi. Hata hivyo kivuli peke yake hakitoshi kila mahali, kwani kasi ya maji kukauka hutegemea pia ukavu wa hewa na mwendo wa upepo. Asubuhi ya Tanga au Mombasa, hewa iliyojaa unyevu humpa mwoshaji nafasi ya kufanya kazi bila haraka, ilhali Dodoma wakati wa kiangazi, penye hewa kavu na upepo, matone hukauka hata chini ya mwembe. Katika mazingira ya namna hiyo ni heri gari lioshwe na kukaushwa kwa sehemu, au sehemu zilizokwisha kuoshwa ziendelee kulowanishwa mpaka wakati wa kukausha gari zima utakapofika.

Jambo la pili la kutangulia ni sabuni. Sabuni ya mche, ikikutana na maji magumu, huungana na kalsiamu na kufanya utando mzito usioyeyuka, na utando huo hujishika kwenye rangi pamoja na vumbi. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo kwa kawaida huchanganywa na magadi ili kuyashinda maji magumu, nayo huacha mabaki yake ikiwa haikusuuzwa sawasawa, na zaidi ya hayo huondoa nta iliyopakwa juu ya rangi. Shampuu ya magari hutengenezwa kwa visafishi ambavyo havigandi katika maji magumu na ambavyo huacha ute unaoliwezesha vumbi kuteleza badala ya kukwaruza. Hata hivyo, shampuu bora ikiachwa ikauke juu ya gari huacha madoa kama maji, na hivyo kila upande unapaswa kusuuzwa kabla povu lake halijakauka.

Kusuuza nako kuna namna yake, na mara nyingi mwoshaji huweza kupunguza sehemu kubwa ya kazi ya kukausha kabla hajashika kitambaa. Maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka katika mashine ya presha huvunjika kuwa matone madogo yanayong'ang'ania kila mahali, na kazi yake ni kung'oa uchafu. Mwishoni, mpira wa maji unapaswa kuondolewa kichwa chake cha kunyunyizia, maji yakaachwa yatiririke polepole kuanzia juu ya paa, kwa utulivu, yakiwa shuka moja pana. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu inayozaa kile ambacho wanasayansi hukiita mvutano wa uso, na kwa nguvu hiyo shuka la maji linaposhuka hukokota pamoja nalo matone linayokutana nayo njiani. Mwenye kutumia ndoo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kumimina polepole kutoka katika jagi badala ya kuyarusha maji kwa mkono, na akifanya hivyo juu ya rangi iliyopakwa nta ataona sehemu kubwa ya boneti ikibaki na matone machache tu.

Matone yaliyobaki ndiyo yanayohitaji kitambaa, na hapa ndipo tahadhari ya rangi inapoingia. Rangi ya gari la kisasa ni matabaka kadhaa: juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha tabaka la kusawazisha, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja kati ya 1,000 za milimita. Tabaka hilo linalobeba mng'ao wote wa gari ni jembamba kuliko unywele wa kawaida wa binadamu, na punje ya mchanga ikiburutwa juu yake kwa kitambaa hulichora. Mikwaruzo midogo inayoonekana kama utando wa buibui chini ya taa au jua kwa kawaida hutokana na kuosha na kukausha vibaya, na mtu anayekimbilia kufuta maji kwa fulana kuukuu huku vumbi halijaondoka hubadilisha doa linaloweza kuondolewa kwa mchoro usioweza kuondolewa ila kwa kuipunguza vanishi.

Kitambaa kinachopendekezwa na mafundi wengi siku hizi ni cha maikrofaiba, yaani kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta zilizochanganywa na nailoni, mara nyingi kwa uwiano wa asilimia 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Ufundi wa kutengeneza nyuzi nyembamba kiasi hicho ulipata umaarufu nchini Japani mwaka 1970, pale Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alipofanikiwa kuzitumia kutengeneza kitambaa kinachofanana na ngozi ya swede, na baadaye nyuzi za aina hiyo zikapasuliwa ili ziwe na mapengo mengi yanayonyonya maji na kuficha vumbi mbali na uso wa rangi. Taulo la pamba lililo safi na zito linaweza kufanya kazi hiyo, ila hunyonya polepole zaidi na huacha manyoya. Ngozi laini ya kukaushia, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki, hunyonya vizuri pia, lakini uso wake ulio bapa hauna mahali pa kuificha punje ya mchanga, na hivyo inadai gari lililo safi kabisa. Mpira wa kukwangulia maji, kama ule wa kusafishia madirisha, hufaa kwenye vioo, na haufai kwenye rangi kwa sababu iyo hiyo.

Kitambaa kizuri kikitunzwa vibaya huwa kibaya kuliko kitambaa cha kawaida kilichotunzwa vizuri. Maikrofaiba inapaswa kufuliwa peke yake bila nguo za pamba, kwa sabuni ya maji na bila dawa ya kulainishia nguo, kwa kuwa dawa hiyo huzipaka nyuzi mafuta na kuzizuia zisinyonye. Haipigwi pasi wala kukaushwa kwa joto kali, kwa sababu joto huyeyusha ncha za nyuzi na kuzifanya ngumu. Kitambaa kilichoanguka chini huhesabiwa kuwa kichafu, na kilichotumika kwenye rimu hakirudi tena kwenye rangi, kwani rimu hukusanya unga wa chuma unaotokana na breki.

Kukausha kwenyewe hufuata mwelekeo wa maji, yaani kutoka juu kwenda chini. Paa hutangulia, likifuatiwa na vioo, boneti na mlango wa buti, kisha milango na mapaja ya gari, na mwisho bampa na sehemu zilizo karibu na ardhi, ambazo hata baada ya kuoshwa huweza kubaki na mchanga. Taulo kubwa hutandazwa wazi juu ya boneti, likaachwa kwa sekunde chache linyonye, kisha likavutwa polepole kuelekea kwa mkaushaji bila kukandamizwa. Mahali penye mikunjo, taulo hukunjwa na kubonyezwa badala ya kusuguliwa. Sehemu inapokwisha kunyonywa, kitambaa cha pili kilicho kidogo na kikavu hupita juu yake kuondoa unyevu mwembamba uliobaki, ambao nao ukiachwa huweka ukungu wa madini. Taulo lililolowa hadi kudondosha maji halikaushi tena, bali linahamisha maji kutoka mahali hadi mahali, na linapaswa kukamuliwa au kubadilishwa.

Mara nyingi, baada ya kazi hiyo yote, gari hutembea mita chache na michirizi ya maji ikaanza kushuka kutoka katika vioo vya pembeni, vitasa vya milango, taa za nyuma, kibao cha namba na kifuniko cha tangi la mafuta. Maji hujificha katika mianya hiyo, na hayatoki mpaka gari litikisike. Mwenye kompresa anaweza kuyapuliza yatoke, ilimradi ahakikishe kwamba hewa yake haibebi mafuta ya mashine wala maji yaliyojikusanya ndani ya tangi lake. Asiye nayo anaweza kufungua na kufunga milango yote na buti, akafuta vizingiti na kingo za mpira, akaliendesha gari polepole kwa umbali mfupi kwenye lami, akikanyaga breki kwa upole ili disko zikauke, kisha akarudi kufuta michirizi iliyojitokeza. Kulikausha gari zima kwa kuliendesha ni njia isiyofaa, hasa kwenye barabara za vumbi, kwa sababu gari lililolowa hukusanya vumbi jekundu, na vumbi hilo likichanganyika na maji yanayokauka hushikamana na rangi.

Nta nayo ina fumbo lake. Nta ya carnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili, pamoja na dawa nyingine za kutengenezwa viwandani zinazofanya kazi hiyo, huifanya rangi iyakatae maji, na matone juu yake huinuka yakawa ya duara badala ya kutandaa. Pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso liliolalia huitwa pembe ya mgusano, dhana iliyoelezwa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1805. Kadiri pembe hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo tone linavyoteleza kwa urahisi. Watu wengi huyaona matone hayo ya duara na kudhani kwamba gari lenye nta halihitaji kukaushwa, ilhali tone lililoinuka limekusanya madini yake katika eneo dogo, na likikaukia juani huacha doa lililokoza zaidi kuliko maji yaliyotandaa. Faida ya nta ni kwamba matone huondoka upesi kwa maji yanayotiririka na kwa kitambaa, na kwamba doa likitokea huishika nta kabla ya kuishika vanishi. Faida hiyo hupatikana kwa anayekausha, na humgeukia asiyekausha.

Njia nyingine ya kulizuia doa ni kuyapunguza madini katika maji ya mwisho. Mvua iliyovunwa kutoka katika bati safi ni laini, mradi maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa yaachwe yapite, na familia nyingi za Unguja na Mombasa zilizo na matangi ya mvua zinaweza kutenga ndoo moja kwa ajili ya msuuzo wa mwisho. Maji ya betri, yaani maji yaliyoondolewa madini ambayo huuzwa katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, hayaachi chochote yanapokauka, na kiasi kidogo katika chupa ya kupulizia kinatosha kwa vioo na boneti. Tahadhari hapa ni ya lazima: maduka hayo hayo huuza asidi ya betri katika vyombo vinavyofanana, na asidi hiyo ikigusa rangi, macho au ngozi huleta madhara makubwa, hivyo maandishi ya kwenye chombo yanapaswa kusomwa kila mara.

Doa lililokwisha kutokea hutibiwa kulingana na kina chake. Likiwa juu ya vanishi tu, siki ya kawaida, ambayo aghalabu huwa na asidi ya asetiki ya asilimia 5, ikichanganywa na maji safi kwa kiasi sawa, huigeuza kabonati ya kalsiamu kuwa chumvi inayoyeyuka. Kitambaa kilicholowanishwa mchanganyiko huo hulazwa juu ya doa kwa dakika moja au mbili, gari likiwa kivulini na bati likiwa baridi, kisha mahali hapo husuuzwa kwa maji mengi, hukaushwa, na kupakwa nta upya, kwa kuwa siki huidhoofisha. Ni busara kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Doa ambalo siki hailiondoi, na ambalo kidole kikipita juu yake hutambua kishimo, limekwisha kuila vanishi, na tiba yake ni polishi inayoupunguza unene wa vanishi ili uso usawazike. Kazi hiyo ni ya fundi, nayo haiwezi kurudiwa mara nyingi, kwa sababu tabaka lenyewe ni jembamba. Waya wa kusugulia masufuria hauna nafasi hapa kwa hali yoyote.

Kwa mwenye fedha kidogo, na hata kwa mwenye sehemu ya kuoshea magari anayetaka kuboresha huduma, mpangilio wa matumizi unatokana moja kwa moja na maelezo haya. Kivuli na saa inayofaa hutangulia, na mara nyingi havina gharama, ijapokuwa kipande cha turubai juu ya nguzo nne ni uwekezaji unaorudisha thamani yake kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Msuuzo wa polepole kutoka juu nao hauna gharama. Kisha hufuata taulo mbili za maikrofaiba, moja kubwa na moja ndogo, zinazotunzwa mbali na vitambaa vya rimu. Baada ya hapo ndipo ndoo ya maji ya mvua na nta hupata maana. Mwoshaji anayeanza na nta ya bei kubwa huku akiliacha gari likauke juani atakuwa amenunua mng'ao wa siku moja, na mteja wake akirudi na malalamiko, kosa litakalotafutwa katika sabuni litakuwa limefanyika katika zile dakika chache ambazo hakuna aliyeshika taulo.